Mama ameondolewa uvimbe wa titi: kipimo cha RNA kinasema nini, na je, tusubiri chanjo?

*"Mama yangu ana miaka 58. Wiki tatu zilizopita alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi. Uvimbe ulikuwa wa sentimita mbili, una vipokezi vya homoni, HER2 (protini inayoweza kuchochea uvimbe kukua) ni hasi, na tezi za kwapani zilikutwa safi. Daktari anataka kipande cha uvimbe kipelekwe kupimwa RNA kabla ya kuamua kuhusu kemotherapi. Nyumbani tumegawanyika. Kaka yangu mkubwa amesoma kwamba chanjo ya RNA inaponya saratani, anataka tusimamishe kila kitu tuisubiri. Shangazi anasema RNA ndiyo inayoharibu jeni na kuleta saratani, kwa hiyo hataki hata kukisikia hicho kipimo. Mimi ni binti pekee wa mama, na nina swali langu jingine: kipimo kikitoka kibaya, ina maana nami nimerithi?"*

Pole sana kwa kuuguza, dada yangu, na mfikishie mama pole zangu. Nimesoma barua yako mara mbili, na ninachokiona chini ya maswali yote ni hofu moja: kwamba mkikosea uamuzi katika wiki hizi chache, mtakuja kujuta. Kwa hiyo nikupe majibu mafupi kwanza, maelezo yafuate. Kipimo kikipatikana, kifanyike. Chanjo msiisubiri. Na matokeo ya kipimo hicho, yawe mazuri au mabaya, hayasemi lolote kuhusu ulichorithi wewe.

Tuanze na RNA yenyewe, maana kaka na shangazi wote wawili wanaizungumzia kama kitu kinachotoka nje, mmoja akiiona dawa na mwingine sumu. Karibu kila seli hai ya mwili wa mama, ya moyo, ya ngozi, na hata ya uvimbe ule uliotolewa, inatengeneza RNA wakati wote. DNA hukaa ndani ya kiini cha seli, ikiwa na jeni zipatazo 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Seli inapohitaji protini fulani, hunakili jeni husika kuwa RNA. Nakala hiyo hutoka kwenye kiini, hufika kwenye ribosomu, yaani kiwanda kidogo cha protini ndani ya seli, husomwa, na protini hutengenezwa. Baadaye nakala huvunjwavunjwa. Nyingine ndani ya dakika chache, nyingine baada ya saa nyingi. Seli ya ini na seli ya titi zina DNA ile ile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zinanakiliwa, na kwa wingi gani. DNA inakuonyesha nyimbo zote ambazo bendi inazijua. RNA inakuonyesha zinazopigwa sasa hivi, na kwa sauti kubwa kiasi gani.

Hapo ndipo saratani inapoingia. Chanzo chake kwa kawaida ni hitilafu katika DNA, lakini sehemu kubwa ya madhara ya hitilafu hiyo hupitia kwenye RNA. Mfano ulio wazi kuliko yote ni leukemia sugu ya mieloidi, aina ya saratani ya damu. Kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande, jeni mbili ambazo hazikupaswa kukutana zinaungana, na seli huanza kunakili RNA ya muungano huo, iitwayo BCR-ABL. Kutokana na RNA hiyo hupatikana protini inayoziamuru seli za damu zigawanyike bila kukoma. Wagonjwa wanaotumia imatinibu, dawa iliyoidhinishwa mwaka 2001, hupimwa kiasi cha RNA hiyo katika damu kila baada ya miezi michache. Ikishuka, dawa inafanya kazi. Ikianza kupanda, daktari hujua kabla mgonjwa hajahisi chochote. Nimeutaja mfano huu ili shangazi aone kwamba kupima RNA katika saratani ni kazi ya kila siku hospitalini, na imeokoa watu wengi.

Mimi mwenyewe nafanyia utafiti aina nyingine, RNA fupi sana zenye herufi zipatazo 22 tu, ziitwazo mikroRNA. Hizi hazitengenezi protini. Kazi yake ni kujibandika kwenye RNA nyingine na kuzizuia zisisomwe, au kuharakisha kuvunjwa kwake. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliieleza ya kwanza mwaka 1993 katika mnyoo mdogo asiyeonekana vizuri kwa macho, na kwa miaka kadhaa wengi walidhani ni jambo la mnyoo tu. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Katika saratani mlango ulifunguka mwaka 2002, pale kundi la Carlo Croce, kazi ikiongozwa na George Calin, lilipokuwa likitafuta jeni inayopotea kwenye kromosomu ya 13 ya wagonjwa wa leukemia sugu ya limfositi. Sehemu hiyo hukosekana kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa, lakini watafiti walikuwa wamehangaika bila kuipata jeni ya protini iliyoweza kueleza ugonjwa. Walichokikuta ni mikroRNA mbili, miR-15a na miR-16-1. Baadaye ilionekana kwamba mbili hizo huizuia protini ya BCL2, ambayo huikinga seli isife. Zikipotea, BCL2 huongezeka, na seli iliyopaswa kufa inaendelea kuishi.

Napenda sana kisa hiki, na nakisimulia kwa sababu kinafundisha pia subira. Kujua RNA gani imeharibika hakukutupatia dawa ya RNA papo hapo. Dawa inayoizuia BCL2 kwa wagonjwa hao, venetoklaksi, ilikuja kwa njia nyingine kabisa, ni molekuli ndogo inayomezwa kama kidonge. Na jaribio la kwanza la kuwapa wagonjwa wa saratani mikroRNA kama dawa, iliyoitwa MRX34, lilisimamishwa mwaka 2016 kwa sababu kinga za baadhi ya wagonjwa zilipata mshtuko mkali, na wanne wakafariki. Wale walikuwa wagonjwa waliojitolea wakiwa hawana tiba nyingine, na sisi wa fani hii tunapaswa kulikumbuka hilo kila tunapozungumza kwa shauku mbele ya familia kama yenu. Kufikisha RNA ndani ya uvimbe bila kuisumbua kinga ya mwili, na bila nyingi yake kuishia kwenye ini, bado ni kazi ngumu.

Sasa nimjibu shangazi moja kwa moja. Kuna chembe ya ukweli katika anachokisema. Vipo virusi vya RNA vinavyosababisha saratani: mwaka 1911 Peyton Rous alionyesha kwamba uvimbe wa kuku unaweza kuambukizwa kwa majimaji yasiyo na seli, na kirusi kile kilikuja kujulikana kuwa cha RNA. Kwa binadamu tuna HTLV-1, kinacholeta aina ya leukemia, na kirusi cha homa ya ini C, ambacho huharibu ini kwa miaka mingi hadi saratani ikajitokeza. HTLV-1 huweza kujipachika kwenye DNA kwa sababu kinabeba kimeng'enya chake maalumu cha kugeuza RNA kuwa DNA na kingine cha kuipachika. RNA ya chanjo haibebi vimeng'enya hivyo wala haina maelekezo ya kuvitengeneza. Husomwa nje ya kiini kisha huvunjwa. Lakini kwa mama yako mjadala huu hauhusiki kabisa, kwa sababu kipimo hakiingizi kitu chochote mwilini mwake. Hachomwi sindano wala harudi chumba cha upasuaji. Kinachopimwa ni kipande cha uvimbe ambacho tayari kimetolewa na kuhifadhiwa kwenye nta katika maabara ya patholojia.

Kipimo chenyewe hufanya hivi. Kinachotumika zaidi kwa uvimbe kama wa mama ni Oncotype DX, ambacho hupima RNA za jeni 21: 16 zinazohusiana na saratani na 5 za kulinganishia. RNA hutolewa kwenye kipande kile, hugeuzwa kuwa DNA maabarani, kisha huzidishwa ili ihesabike. Jeni zenye uzito mkubwa zaidi katika hesabu ni zile za kugawanyika kwa seli. Kundi jingine linahusu vipokezi vya homoni. Mantiki yake inaeleweka ukiitazama hivi: kemotherapi huziumiza hasa seli zinazogawanyika kwa kasi, na dawa za homoni huunyima chakula uvimbe unaotegemea estrojeni, homoni ya kike. Uvimbe wenye RNA nyingi za kugawanyika na chache za vipokezi utafaidika na kemotherapi. Uvimbe unaogawanyika polepole na kutegemea sana estrojeni utatulizwa na vidonge vya homoni, na kemotherapi itaongeza maumivu zaidi ya faida.

Matokeo hutolewa kama alama kati ya 0 na 100. Watu wengi huyasoma kama alama za shule, au kama kiasi cha saratani iliyobaki mwilini. Yote mawili si sahihi. Alama inakadiria uwezekano wa saratani kurudi sehemu ya mbali, mgonjwa akiwa anatumia dawa za homoni, na kama kemotherapi itaupunguza uwezekano huo kwa kiasi cha maana.

Ushahidi wake ni mzuri kuliko wa vipimo vingi ninavyovijua. Utafiti wa TAILORx, uliochapishwa mwaka 2018, uliandikisha wanawake zaidi ya 10,000 wenye uvimbe wa aina hii hii: vipokezi vya homoni vipo, HER2 hasi, tezi safi. Wenye alama 11 hadi 25 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa dawa za homoni pekee, wengine wakaongezewa kemotherapi. Baada ya miaka tisa, waliokuwa bila saratani sehemu za mbali walikuwa asilimia 94.5 kwa kundi la kwanza na asilimia 95.0 kwa la pili. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Kwa wanawake wa miaka 50 na chini wenye alama 16 hadi 25 kulionekana faida kiasi ya kemotherapi, lakini mama ana miaka 58. Kwa umri wake na aina ya uvimbe wake, alama ya 25 au chini humaanisha kwamba anaweza kuepushwa kemotherapi bila kuongeza kwa kiasi cha maana hatari ya saratani kurudi. Alama ya 26 au zaidi, daktari atapendekeza kemotherapi. Hiyo ni habari nzito, sikatai, lakini ina upande wake wa pili: uvimbe unaogawanyika kwa kasi ndio ambao kemotherapi huushika vizuri.

Naomba jambo moja ulisimamie wewe mwenyewe nyumbani. Nimeona familia zikipokea alama ndogo kwa shangwe, kisha mgonjwa akaacha vidonge vya homoni kwa kuamini amepona. Takwimu nilizokupa zote ni za wanawake waliokuwa wakitumia dawa za homoni, ambazo kwa kawaida hutumika angalau miaka mitano. Bila vidonge, alama ndogo hiyo haina tena maana ile. Letrozoli au anastrozoli vikimletea maumivu ya viungo, au tamoksifeni ikimletea joto la ghafla, arudi kwa daktari abadilishiwe dawa, asiache kimyakimya.

Kipimo kina mipaka yake. Hakitumiki kwa uvimbe wenye HER2 chanya wala usio na vipokezi vyovyote. Formalini, dawa inayotumika kuhifadhi kipande cha uvimbe, huikatakata RNA, kwa hiyo kipande kilichohifadhiwa vibaya kinaweza kushindwa kutoa jibu. Kipande kilichochukuliwa mahali palipochomwa sindano ya biopsi, ile ya kutoa sampuli kabla ya upasuaji, kinaweza kuwa na seli za kinga na za kovu zinazogawanyika, na hizo zikaipandisha alama bila saratani yenyewe kuwa kali. Ndiyo maana mwanapatholojia mwenye uzoefu huchagua kipande kwa uangalifu. Alama ikipingana waziwazi na alichokiona kwa darubini, kwa mfano uvimbe uliosemekana ni mpole ukatoka na alama ya 40, mna haki ya kuomba mwanapatholojia na daktari wa saratani wakae pamoja waliangalie tena. Ulizeni pia kipimo kinachotumwa ni kipi hasa, maana MammaPrint, kwa mfano, hupima jeni 70 na jibu lake ni hatari ndogo au kubwa. Namba za 25 na 26 hazina kazi huko. Na kama kipimo hakipatikani au kinawashinda gharama, msijione mmemnyima mama. Ukubwa wa uvimbe, daraja lake chini ya darubini, Ki-67 (kipimo cha kasi ya kugawanyika kwa seli), umri na hali ya tezi bado humpa daktari msingi mzuri wa kuamua, kama ilivyofanyika kwa miaka mingi.

Nije kwa kaka. Shauku yake ina msingi. Chanjo anazozisoma zipo, na baadhi ya matokeo yamenifurahisha sana. Uvimbe wa mgonjwa husomwa DNA na RNA yake, hitilafu zake huorodheshwa, na mRNA, yaani RNA yenye maelekezo ya protini, hutengenezwa kwa ajili ya mtu huyo mmoja, ikifunikwa kwa matone madogo ya mafuta. Seli zake husoma RNA hiyo, hutoa vipande vya protini zenye hitilafu, na seli za kinga hujifunza kuvitambua. Njia hii imesaidiwa sana na kazi ya Katalin Karikó na Drew Weissman, ambao mwaka 2005 walionyesha kwamba kubadilisha kidogo herufi za RNA kunaituliza kinga isiishambulie. Walipata Nobel mwaka 2023. Katika saratani ya ngozi aina ya melanoma, wagonjwa 157 walishiriki jaribio ambamo chanjo yenye hadi hitilafu 34 iliongezwa juu ya pembrolizumabu, dawa inayoiamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani. Hatari ya saratani kurudi au kifo ilipungua kwa takriban asilimia 44 ikilinganishwa na dawa hiyo pekee. Katika saratani ya kongosho, jaribio dogo la watu 16 lililochapishwa mwaka 2023 lilionyesha nusu yao kinga zao ziliitikia.

Lakini msomee kaka tena sentensi hizo polepole. Watu 157. Watu 16. Majaribio makubwa zaidi yalianza mwaka 2023, na hadi ninapoandika hakuna chanjo ya mRNA ya saratani iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida. Melanoma hubeba hitilafu nyingi sana zinazotokana na mionzi ya jua, na hizo huipa kinga vitu vingi vya kulenga. Saratani ya titi yenye vipokezi vya homoni huwa na chache. Matokeo ya kongosho, ambayo nayo hitilafu zake si nyingi, yananipa tumaini kwamba hilo halitakuwa kikwazo cha milele. Tumaini hilo, hata hivyo, halimtibu mama mwezi huu. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: wagonjwa wote hao walifanyiwa upasuaji kwanza, na chanjo iliongezwa juu ya tiba iliyopo. Hata ndani ya majaribio yenyewe, hakuna aliyeacha tiba ili aisubiri chanjo.

Muda ndio kitu msichoweza kurudishiwa. Mama yuko wiki ya tatu baada ya upasuaji. Nafasi ya kusubiri jibu la kipimo, ambalo kwa kawaida huchukua wiki moja au mbili baada ya maabara kupokea kipande, ipo. Nafasi ya kusubiri miaka haipo. Tafiti zimehusisha kuanza kemotherapi zaidi ya siku 90 baada ya upasuaji na matokeo mabaya zaidi. Kama kaka anataka kusaidia, aende na mama kliniki, amuulize daktari bingwa wa saratani kama kuna jaribio la kitabibu lililosajiliwa linalomfaa. Na mtu yeyote akiwauzia "chanjo ya RNA ya saratani" nje ya jaribio lililosajiliwa, ondokeni.

Wakati mnasubiri jibu, mama arudi hospitalini mapema akipata homa, kidonda kikiwa chekundu au kikitoa usaha, au mkono wa upande uliopasuliwa ukivimba. Akianza kemotherapi, joto la nyuzi 38 au zaidi ni dharura hata kama ni usiku wa manane. Asimeze dawa ya kushusha homa akasubiri kupambazuke. Baadaye, maumivu ya mifupa yasiyoisha au kubanwa na pumzi navyo vinahitaji daktari amwone ana kwa ana.

Mwisho ni swali lako mwenyewe. RNA iliyopimwa ni ya uvimbe, inaeleza tabia ya seli zile zilizotolewa, na tabia hiyo haikupitishwa kwako ulipozaliwa. Kinachorithiwa kinatafutwa kwa kipimo tofauti cha DNA, kwenye damu au mate, hasa jeni za BRCA1 na BRCA2. Ni takriban asilimia 5 hadi 10 tu ya saratani za titi zinazotokana na jeni za kurithi. Kuwa na mama aliyeugua huongeza hatari yako, karibu mara mbili ya asiye na ndugu wa karibu aliyeugua, kwa hiyo zungumza na daktari wako kuhusu lini uanze kupigwa picha za matiti, na usipuuze uvimbe wowote utakaouhisi. Miongozo ya wataalamu wa Marekani ya mwaka 2024 inapendekeza kila mgonjwa mpya wa saratani ya titi mwenye miaka 65 au chini apewe nafasi ya kupimwa BRCA, na mama yumo ndani ya umri huo. Haja huwa kubwa zaidi kama katika ukoo kuna saratani ya ovari, mwanamume aliyeugua saratani ya titi, au ndugu kadhaa wa upande mmoja. Apimwe mama kwanza, kabla yako, maana jibu lako likitoka safi bila kujua la kwake halitakuambia mengi. Akikutwa na hitilafu, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa nayo, wa kiume sawa na wa kike. Hivyo kaka naye ataalikwa kupimwa, kwa ajili yake na ya watoto wake.